Sura yangu iko kwenye posta ya benki, wateja wakubwa wako kwa wengine

Anti shikamoo. Naomba unifichie jina na benki pia usiitaje, maana tawi letu dogo na mtu akisoma tu atajua ni nani, ila hili jambo limenikwama kooni na nyumbani nimeshaongea mpaka wamechoka kunisikiliza.

Mi nafanya kazi benki. Niliingia kama tela nikakaa kaunta, nikahamishiwa dawati la huduma kwa wateja, na saivi naitwa ofisa mahusiano. Cheo kizuri kwenye kadi ila ukifungua mfumo uone potifolio yangu, yani wale wateja walio chini yangu, utacheka. Akaunti ndogo ndogo, nyingine zimelala, alafu kuna mikopo chechefu, yani isiyolipwa, niliyorithishwa kutoka kwa mtu aliyehama, watu hata simu hawapokei wakiona namba ya benki. Wenzangu watatu tulioingia karibu muda mmoja wana makampuni, wana wakandarasi, wana taasisi zinazopitishia mishahara ya wafanyakazi wao kwetu. Na mwisho wa robo wote tunapimwa kwa tageti ileile, amana, mikopo mipya, kadi, kila kitu. Wao wanafikia tageti robo haijafika hata katikati, mimi kwenye tathmini naandikiwa "aongeze bidii".

Sasa ukiuliza wateja wanagawiwaje hakuna anayekujibu. Ninachokiona ni kwamba meneja wa tawi na wale watatu wanatoka upande mmoja, wanaongea lugha yao ya nyumbani, hata kikao kikiendelea utasikia wamegeukia kwao kidogo, wamecheka, alafu wanarudi kwenye lugha ya kikao wakiwa wameshakubaliana. Jioni wanaenda kuangalia mpira pamoja, asubuhi unakuta mteja kahamishwa. Nataka uelewe kwamba hakuna aliyenitukana, ni watu wa heshima tu, mtu akiuguliwa ni wa kwanza kuchanga, na ndo maana hata nikitaka kulalamika sijui nianzie wapi, nitasema nini, kwamba wanacheka?

Ilitangazwa nafasi ya ofisa mwandamizi nikaomba, nikaitwa intavyuu, nimesoma usiku kucha sera ya mikopo. Kumbe aliyepewa alikuwa ameshaanza kukabidhi kazi zake za zamani kabla hata sisi wengine hatujaingia kwenye chumba cha intavyuu. Tulienda kujaza fomu.

Alafu kuna dada mwenzetu anatumia kiti cha magurudumu, ana digrii ya uhasibu na kichwa chake kwenye hesabu ni moto, wamemuweka bakofisi kwenye makaratasi eti kwa sababu kaunta ni ndefu. Kaunta ni ndefu Anti! Badala ya kushusha kaunta wakaficha mtu.

Sasa kituko. Makao makuu wameanzisha kampeni ya utofauti na ujumuishi wa watumishi, yani watu wa kila aina wapate nafasi. Wakaja na kamera, wakatuchagua mimi na yule dada wa bakofisi, siku hiyo wakamleta mbele kabisa kwenye mwanga, tukapigwa picha tunatabasamu, saivi niko kwenye posta za matawi yote. Ikaja na dodoso ya kupima utamaduni wa kazi, wanasema ni ya siri, ila swali la kwanza kitengo chako, la pili jinsia, la tatu umekaa kazini muda gani, na kwenye kitengo changu mwanamke ni mimi peke yangu. Siri kwa nani? Nikajaza vizuri kote kama wengine, tawi likapata alama za juu, meneja akapewa cheti.

Wiki iliyopita makao makuu wameniandikia wanataka niwe balozi wa ujumuishi. Nitoe hotuba kwenye mkutano mkuu wa watumishi, nikae kwenye kamati, nitembelee matawi. Malipo hamna na tageti yangu inabaki vilevile. Mume wangu anasema kubali, utajulikana juu. Rafiki yangu ananiambia kataa, unatumika. Mwingine anasema niandike malalamiko mazito nimalizane nao, na mimi mwenyewe kuna siku naamka nataka niandike barua ya kuacha kazi. Nikikubali naona nitasimama mbele za watu kuwauzia uongo, nikikataa nitaitwa mgumu. Nifanyeje Anti?

Mwenye sura ya posta

*

Marahaba mwanangu.

Nimekusoma taratibu na naona kinachokuuma zaidi ni ile posta, nakuelewa, kwa kweli inauma. Ila mi nataka uiweke pembeni kwanza. Posta haikupunguzii mshahara. Kinachokupunguzia ni ile orodha ya wateja kwenye mfumo, na hapo ndo pa kushika, kwa sababu kuhusu nani alicheka na nani kwa lugha gani watabishana na wewe mpaka uchoke, lakini orodha ni ya kwao wenyewe, tarehe iko humo na jina la aliyeidhinisha liko humo.

Na usidhani unajitungia. Marekani kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania anaitwa Janice Madden, mwaka 2012 alitoa utafiti kuhusu madalali wa hisa kwenye kampuni mbili kubwa, kazi yenyewe ni ya kamisheni, unalipwa kwa unachouza, na wanawake walikuwa wanapata pungufu kuliko wanaume. Ukiangalia juu juu unasema basi wanauza kidogo, hesabu haina jinsia. Yeye akachimba zaidi akakuta wanawake walikuwa wanapewa akaunti mbovu, na walipopewa akaunti zenye historia ya mauzo sawa na za wanaume, waliuza sawa. Ukishasoma hilo ile "aongeze bidii" uliyoandikiwa inabadilika sura. Bidii unayo, ulichonyimwa ni mtaji wa kazi.

Kuna na Merrill Lynch, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, walikubali mwaka 2013 kulipa dola milioni 160 kumaliza kesi ya washauri wa fedha weusi, na moja ya malalamiko makubwa lilikuwa hilohilo, akaunti zinagawiwa kwa nani na nani anaalikwa kwenye timu ya nani. Kesi ilifunguliwa 2005. Hesabu mwenyewe hiyo miaka kabla hujaanza kutafuta wakili, sikukatazi, ila anza na vitu vilivyo karibu na mkono wako.

Cha kwanza andika kumbukumbu. Nunua daftari lako, liwe la nyumbani, kila mteja anapohamishwa andika tarehe, katoka kwa nani kaenda kwa nani, nani kaidhinisha, sababu gani imetolewa au kama haikutolewa. Andika na wale uliowatafuta mwenyewe wakachukuliwa wakishanenepa, kama wapo. Sasa hapa nisikilize kuliko pote: usiandike jina la mteja wala namba ya akaunti, usipige picha skrini, usijitumie ripoti ya kazini kwenye imeili yako binafsi hata kama ni usiku na unalia kwa hasira. Andika tu "kampuni ya ujenzi, ya kwanza", inatosha. Benki inaweza ikakuvumilia ukilalamika lakini siri ya mteja ikitoka nje haina mjadala, watu wenye haki yao kabisa wameondoka kwa kosa hilo na baada ya hapo hakuna anayekumbuka walikuwa wanalalamikia nini. Mfumo unatunza kila uhamisho, siku ikihitajika wakaguzi wa ndani ndo watautoa, we kazi yako ni kujua tarehe ya kuwaelekeza waangalie.

Cha pili, mwandikie meneja wako, kwa imeili ya kazini, kwa upole, bila neno ukabila wala upendeleo. Najua unaona ni woga, sio woga. Ukianza na neno hilo kikao chote kitakuwa cha kujadili roho yake ni nzuri au mbaya, watakuletea mashahidi kumi kwamba alichanga ulipouguliwa, na orodha ya wateja hakuna atakayeigusa. Andika hivi: "Naomba kufahamu vigezo vinavyotumika kugawa wateja wa kampuni kwenye kitengo chetu, na kama tageti ya robo ijayo inaweza kupangwa kulingana na ukubwa wa potifolio anayoanza nayo kila ofisa." Basi, mistari miwili. Hilo la pili sio ombi la ajabu, kumpima mtu kwa ukuaji kutoka alipoanzia ni jambo la kawaida tu kwenye mauzo, na ile mikopo chechefu ya kurithi omba itengwe, maana hukuitoa wewe, itakuwaje uharibikiwe alama kwa saini ya mtu mwingine. Asipojibu mkumbushe baada ya muda. Kutojibiwa nako kunaingia kwenye daftari.

Cha tatu ndo ninachokipenda zaidi. Benki nyingi zina likizo ya lazima, mtu anatakiwa akae nje ya kazi yake wiki mbili mfululizo, hashiki mfumo, ili mwingine akikaa kwenye kiti chake kama kuna wizi uonekane. Sasa wale watatu nao lazima waende. Omba kukaimu. Omba mapema, kwa maandishi, nakala kwa mkuu wa kitengo makao makuu, "niko tayari kusimamia potifolio ya fulani wakati wa likizo yake ya lazima". Kukukatalia itabidi watoe sababu, maana mtu wa kukaimu wanamhitaji kwa kanuni yao wenyewe, na wakikataa ili wale marafiki wenyewe kwa wenyewe ndo washikiane kila mwaka, hiyo sasa haiko tena kwenye mambo ya utofauti, ni mambo ya udhibiti. Benki inajengwa juu ya kwamba mmoja anaingiza na mwingine anaidhinisha na hao wawili wasiwe mtu na kivuli chake. Mkaguzi ambaye utofauti haumsumbui hata kidogo hilo litamkosesha usingizi. Ila usije ukaenda kusema wanaiba! Huna ushahidi huo na wala hujaniambia hivyo. Unachosema ni kwamba unaomba kukaimu.

Na ukikaimu hizo wiki mbili utakutana na wateja wakubwa ana kwa ana, watakujua jina, watapiga simu kukuuliza wewe. Hapo umeshafanya kazi ambayo hotuba haiwezi kufanya.

Kuhusu ile lugha ya vikaoni, hapa nitakuudhi kidogo. Watu kuongea lugha yao kwenye korido au wakienda mpirani waache, utagombana bure na utaonekana unachukia kwao. Kwenye kikao ni tofauti, ila hata hapo usiombe lugha ikatazwe, omba muhtasari. Kila uamuzi uandikwe, umeamuliwa nini, na nani, kwa sababu gani, utumwe kwa wote siku hiyohiyo, na ukijitolea kuuandika wewe nani atakukatalia kazi asiyoitaka mtu? Wanaoamulia mpirani watalazimika kuja kurudia uamuzi mbele yako ili uingie kwenye karatasi. Wengine wataona aibu, wengine hawataona, lakini utakuwepo.

Intavyuu ya kujaza fomu nayo ina wenzake. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliandika kwamba kwenye benki ya Wells Fargo ya Marekani kuna mameneja walikuwa wanawaita wanawake na watu weusi kwenye intavyuu za nafasi ambazo tayari zina mwenyewe, ili ionekane waliwafikiria, na benki ikasimamisha ule utaratibu kwa muda kuupitia upya. Sasa we yako imeshapita, usiifukue. Ijayo ukishafanyiwa, andikia HR, yani idara ya watumishi, kuomba mrejesho, ulipungukiwa nini na alama zilikuwaje. Na hapa niseme ukweli, inawezekana huyo aliyepewa alikuwa anastahili, kukaa na wateja wa kampuni kumempa ujuzi wa kuchambua mikopo mikubwa ambao wewe hujaupata. Ndo inavyofanya kazi, unanyimwa wateja, unakosa ujuzi, alafu unakosa cheo kwa kukosa ujuzi, na kila hatua ukiitazama peke yake inaonekana halali kabisa. Kwa hiyo kama kuna kozi ya uchambuzi wa mikopo ndani ya benki iombe kesho.

Dada wa bakofisi, ongea naye yeye kwanza kabla hujamsemea. Huenda anataka kaunta, huenda anataka kukaa hukohuko ila apewe kazi ya maana, sisi watu tuna tabia ya kuwabebea wenzetu bendera hawajatutuma. Akikubali mwende pamoja. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaotaja ubaguzi wa rangi, jinsia, dini, siasa, asili ya mtu kitaifa au kijamii, unaruhusu kutofautisha watu pale tu kazi yenyewe inapodai kweli, na ulemavu nchi inaweza kuuongeza kwenye orodha hiyo. Sasa urefu wa meza kazi inaudai wapi? Meza ni ya fundi seremala, inakatwa. Na kwa kuwa tumefika kwenye mikataba, kuna namba 190 wa 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, huo unahesabu mpaka kinachotokea kwenye safari za kazi, hafla, mafunzo na mawasiliano ya kazi, kwa hiyo grupu la WhatsApp la tawi nalo limo. Hujaniambia kama umenyanyaswa humo, nakuwekea tu ujue. Hii mikataba inazibana nchi zilizoridhia, benki yako kinachoibana moja kwa moja ni sheria ya kazi ya nchi yako na kile kitabu cha kanuni za watumishi mlichosainishwa siku ya kwanza na hamna aliyekisoma. Kisome sehemu ya malalamiko, uone unaanzia kwa nani na kuna siku ngapi, maana ukiruka ngazi watakurudisha kwa kigezo hicho tu.

Dodoso ikija tena na maswali ya aina ile, we jaza ukweli lakini hayo ya kitengo na jinsia yaache wazi kama mfumo unaruhusu, na waulize wanaoisimamia matokeo yanatolewa kwa kikundi cha watu wangapi kwenda juu. Wanaoijua hiyo kazi hawatoi matokeo ya kikundi cha watu wachache mno kwa sababu hiyohiyo uliyoiona. Wakishindwa kujibu, basi jua.

Haya, ubalozi. Rafiki yako na mumeo wote wako sawa nusu nusu. Nisingekataa, na nisingekubali kama ulivyoandikiwa. Kuna wasosholojia wawili, Frank Dobbin na Alexandra Kalev, mwaka 2016 waliandika wakitumia takwimu za miongo mitatu za kampuni zaidi ya 800 za Marekani, wakaona mafunzo ya lazima ya utofauti kwa mameneja hayaongezi watu waliobaguliwa kwenye umeneja na mara nyingine wanapungua, watu wakilazimishwa wanakaza shingo. Vilivyosaidia ni vitu kama kumpa mtu mlezi wa kazi aliye juu, na kuweka kikundi cha wakuu wa vitengo ambao wanaulizwa kwa namba nani kaajiriwa, nani kapanda. Kwa hiyo hotuba yako hata uitoe kwa machozi, kama kamati haioni namba ni burudani tu ya mkutano mkuu.

Wajibu kwamba unashukuru na uko tayari kwa masharti matatu. Kamati ipewe kila robo taarifa ya mgawanyo wa wateja wakubwa kwa maofisa, bila majina ya wateja, na ya nani kapandishwa cheo. Muda wa ubalozi uhesabiwe kwenye tathmini yako na tageti ipungue kwa kiasi hicho. Na hotuba uandike mwenyewe, isipitishwe kwa watu wa matangazo. Wakikubali hayo ukae kwenye kamati kwa miguu yote miwili, hutakuwa unauza uongo, utakuwa na karatasi mkononi ambayo meneja wako hana. Wakikubali moja wakaacha mengine, chagua la namba, hotuba wape wao. Wakikataa yote, waandikie kwamba majukumu ya tageti hayakuruhusu, umefunga mlango bila kuupiga. Picha kwenye posta unaweza kuomba isitumike kwenye kampeni ijayo, angalia tu ulisaini nini siku ile ya kamera.

Kuacha kazi usikuandikie barua kwa hasira. Una mkopo wa mfanyakazi? Hujasema, lakini wafanyakazi wengi wa benki wanao, wa nyumba au gari, kwa riba nafuu, na mara nyingi ukiondoka mkopo unageuka kuwa wa riba ya soko au unatakiwa ulipwe wote. Toa mkataba wako wa mkopo usome kifungu cha kuacha kazi, piga hesabu rejesho jipya litakuwa kiasi gani, uliza na benki nyingine kama wanauhamisha na kwa riba gani. Fanya hilo wiki hii hata kama huna mpango wa kuondoka, maana mtu anayejua anaweza kuondoka ile imeili ya mistari miwili anaiandika vingine kabisa.